Miezi Mitatu ya Kamba Tupu

Pale Suji, kijiji cha mlimani, ukiuliza kwa Careen, utaulizwa Careen yupi. Ukisema Mama Taulo, utaonyeshwa nyumba kabla hujamaliza salamu. Jina hilo alipewa na wanawake wa kikundi chake kwa utani, naye akalipokea kwa kicheko. Katika kijiji ambacho mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, yeye alikuwa na miaka tisa ya ndoa na bado watu walimwita Careen, au mke wa Zebedayo. Mama Taulo lilikuwa jina la kwanza kumtia u-mama, na mwenyewe alijua kwamba huenda likawa la mwisho.

Taulo zenyewe ni taulo za kike, zile za kufua. Alijifunza kuzishona Same mjini, kwenye mafunzo ya wiki mbili: flaneli laini ndani, kitambaa kisichopitisha maji katikati, kitenge juu, na mabawa mawili yenye vifungo vya kubana ili isihame mtu akipanda mlima na mzigo wa kuni. Moja ukiitunza inakaa miaka. Alirudi mlimani na mabaki ya vitambaa kwenye kiroba, na mamamkwe wake akamkabidhi cherehani yake ya kukanyaga, ileile iliyoshona sare za shule za nusu ya kijiji mpaka macho ya mwenyewe yalipochoka.

"Ichukue, mwanangu," Mama Zebedayo alimwambia. "Mimi sioni tena tundu la sindano. Nitakuwa nakutia uzi wa maneno."

Alikuwa hivyo, Mama Zebedayo. Watu wakisikia habari ya mkwe na mkaza mwana hungojea ubaya, na wakikosa ubaya huona hadithi haina chumvi. Hapa hapakuwa na ubaya. Mama yule alifiwa na watoto wawili wachanga kabla ya Zebedayo, na baada ya Zebedayo hakupata mwingine, kisha mume naye akaenda. Careen alipoingia katika nyumba ile alipokewa kama binti. Walikula sahani moja makande yao, wakapalilia tangawizi pamoja, na Zebedayo aliposhuka Kihurio, chini tambarare, kulima mpunga na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi, wao wawili ndio waliokuwa nyumba.

Kazi ya kushona haikuwa ngumu. Ngumu ilikuwa kuanika. Wanawake wa pale toka zamani walitumia vipande vya kanga kuukuu, na vipande hivyo vilifuliwa kwa siri na kukaushwa kwa siri: chini ya godoro, nyuma ya kabati, ndani ya mkunjo wa shuka. Kitambaa cha damu hakionwi na baba mkwe, hakionwi na kaka, hakionwi na mpita njia. Na Suji ni ya ukungu. Kuanzia Juni unaweza kukaa siku nne bila kuona kivuli chako. Kitambaa cha chini ya godoro kinakaa na unyevu wake, kinanuka, na mwanamke anakivaa hivyohivyo, kisha anawashwa na kujikuna na kunyamaza.

Careen alilivalia njuga jambo hilo. Alizunguka kwenye vikundi, kwenye kisomo cha akina mama, mpaka kwenye foleni ya kliniki, na somo lake lilikuwa lilelile: maji ya baridi kwanza, sabuni baadaye, halafu jua, nje, kwenye kamba, peupe.

"Na baba mkwe akiiona?" waliuliza.

"Ataona kitenge. Akitaka kujua zaidi mlete kwangu, nimfundishe kushona."

Wakacheka, na kucheka ndiko kulikofungua mlango. Mwaka wa kwanza walianika watano. Mwaka wa tatu ukipita njia ya kwenda kanisani uliona kamba zimejaa vitenge vidogo vya kila rangi, na wanaume waliokuwa wakiguna walikuwa wamechoka kuguna. Wasichana wa sekondari waliacha kukosa shule siku nne za kila mwezi. Hilo lilikuwa jambo jema, na hakuna kilichotokea baadaye kinachoweza kulifanya baya.

Lakini kuna jambo ambalo hawakumfundisha Same. Pedi ya dukani ikitumika inatupwa chooni, na habari yake inaishia humo. Ya kufua inarudi kwenye kamba kila mwezi. Na kila nyumba yenye kamba ina mtu wa kuisoma.

Mama Zebedayo hakuona tundu la sindano, lakini kamba aliiona. Mwanzoni hakusema kitu. Careen alianika, na mama yule, akichambua mboga barazani, aliinua macho, akayashusha. Siku ile hakuimba kama alivyozoea. Kesho yake alikuwa mpole kupita kiasi, akampa Careen ndizi iliyoiva vizuri, akamuuliza kama miguu inamuuma. Mwezi uliofuata hivyohivyo. Miezi kumi na miwili kwa mwaka, Careen alimtangazia mamamkwe wake, kwa mikono yake mwenyewe na kwa vibanio vya nguo, kwamba mjukuu bado.

Alikuwa amekwenda hospitali. Walimwambia arudi na mumewe, wapimwe wote. Zebedayo akasema baada ya mavuno. Mavuno ya Kihurio ni mara mbili kwa mwaka na hayajapata kuisha.

Kilichomvunja moyo hakikuwa macho ya yule mama. Kilikuwa wema wake. Siku moja ya Aprili mvua ilishuka ghafla Careen akiwa kazini, na aliporudi alikuta taulo zake zimeanuliwa, zimekunjwa vizuri moja juu ya nyingine, zimewekwa juu ya kitanda chake. Mama Zebedayo alikuwa jikoni akipuliza moto. Hakugeuka.

"Pole, mwanangu," alisema.

Careen aliingia chumbani akalia mpaka chakula kikapoa. Angetukanwa angejua la kufanya.

Mwezi wa Mei hakuanika nyumbani. Alikuwa amekodi chumba kidogo karibu na zahanati, ndicho karakana yake, na nyuma yake alikuwa na kamba ya taulo za mfano, zile anazowaonyesha wanawake jinsi zinavyokauka. Alifulia kule, akaanika zake katikati ya za mfano. Hakuna mtu duniani ambaye angezijua. Mwalimu wa jua aliyewakataza wenzake kuficha, naye alikuwa anaficha, ila alificha hadharani. Hata yeye alijicheka kidogo. Alitaka kumpumzisha mama wa watu na kujipumzisha mwenyewe, basi. Hakuwa na nia nyingine, na hilo lazima lisemwe kwa haki yake.

Kamba ya nyumbani ikakaa na mashuka na magauni. Mei ikapita, Juni ikapita.

Sasa, kwa watu wa rika la Mama Zebedayo, mimba changa haitajwi. Haiulizwi, haipongezwi, hata mwenye nayo hasemi, mpaka itakapojisema yenyewe mbele ya watu. Ukiitaja ikiwa changa unaiitia kijicho. Kwa hiyo mama yule aliiona kamba ikiwa tupu mwezi wa kwanza akafunga kinywa. Aliiona mwezi wa pili akafunga kinywa na kuanza kuimba. Na Careen, ambaye angeulizwa swali moja tu angejibu kweli, hakuulizwa.

Aliamka akakuta maji yameshachotwa. Akarudi jioni akakuta kuni zimeletwa. Uji wake ukatiwa maziwa. Alipoinama kuchukua gunia la majani ya mbuzi, alinyang'anywa. Akadhani mama wa watu ameridhika na hali, amemwachia Mungu, na sasa wanaweza kuishi. Ilikuwa miezi mizuri kuliko yote aliyoipata katika ndoa ile. Walicheka kwa mambo ya kipuuzi. Jioni moja Mama Zebedayo alimsuka nywele, akichukua muda mrefu kwa sababu ya macho yake, na Careen akasinzia kichwa kikiwa mapajani mwake.

Mwezi wa Julai ilipigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mfereji wa maji ya mashamba. Kila nyumba hutoa mtu na jembe. Careen alikuwa anafunga kanga kiunoni alipokuta jembe limeshachukuliwa. Akakimbia njiani akamkuta Mama Zebedayo, miaka sitini na saba, amelibeba begani.

"Mama, leta. Ni zamu yangu."

"Rudi nyumbani."

"Watu watasema nini? Nimekaa na wewe unachimba?"

Yule mama alimtazama tumboni. Mara moja tu, haraka, kisha akatazama pembeni kwa aibu ya mtu aliyekaribia kusema kisichosemwa. "Watasema Mama Zebedayo bado ana nguvu," alijibu, akaenda zake akiimba.

Hapo Careen alielewa yote: uji, kuni, nywele. Alisimama njiani na kanga yake. Angeweza kumwita. Hatua thelathini hazikuwa nyingi. Alifungua kinywa, akaona ule mgongo ulivyonyooka, akakumbuka miaka tisa ya kuuona umepinda, akafunga kinywa. Kesho, alijiambia. Kesho ikazaa kesho, na usemi wa wahenga kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo haukumsaidia mtu yeyote.

Alisali. Hilo nalo lisemwe. Alimwomba Mungu aufanye uongo kuwa kweli, mwezi huohuo, ili asiwe na la kukiri. Zebedayo alipanda kutoka Kihurio mwishoni mwa Julai, akiwa amekonda na mwenye mawazo, akalala siku mbili, akashuka. Hakusema neno kuhusu mtoto. Careen akadhani hajui. Katikati ya Agosti damu ikaja kwa siku yake ileile.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Alikwenda ibadani akiwa nayo, taulo ya kitenge cha bluu aliyoishona mwenyewe. Kwenye usharika wao, ibada ikiisha, sadaka za vitu hunadiwa pale nje: mkungu wa ndizi, mayai, maboga, kuku. Mnadi ni mzee Vitus, mzee wa kanisa mwenye sauti ya tarumbeta, na desturi ni kwamba anayenunua anaweza kukichukua kitu chake au kumzawadia mwingine mbele ya watu. Siku ile Mama Zebedayo alileta tetea mwekundu, mkubwa, wa mayai, ambaye kila mtu alijua anampenda.

"Sadaka hii ni ya nini, mama yetu?" mzee Vitus aliuliza.

"Ya shukrani."

"Tumshukuru Mungu kwa lipi?"

"Yeye analijua," alisema, akainamisha uso. Lakini uso ule ulikuwa unang'aa, na macho ya akina mama wote yakageuka polepole yakatua kwa Careen, kwenye safu ya kwaya.

Wanawake wa kikundi ndio waliomnunua yule kuku. Walichangiana palepale, wakinong'ona na kusukumana, na mzee Vitus alipouliza anakwenda kwa nani, walisema kwa sauti moja: kwa Mama Taulo. Kisha mmoja akaongeza, "Ni kuku wa supu. Amtunze tu, siku yake itafika." Kuku wa supu anajulikana ni wa nani. Ni wa mzazi. Vigelegele vikapigwa. Careen alinyoosha mikono akapokea kuku, huku damu ikimtoka, na akasema asante kwa sababu hakuna neno jingine mtu anaweza kusema akipewa kuku mbele ya kanisa.

Walirudi nyumbani, mama mbele, yeye nyuma na kuku. Barazani Mama Zebedayo alivua viatu, akaketi, akaanza kujipepea na kitabu cha nyimbo.

"Mama," Careen alisema. Alikuwa bado amesimama. "Niko kwenye siku zangu."

Kitabu kilisimama.

"Leo ya tatu."

Yule mama hakupiga kelele. Aliweka kiganja kifuani. "Imetoka?" aliuliza kwa sauti ndogo sana. Na kabla Careen hajajibu akaanza kutikisa kichwa. "Ni mimi. Ni mimi, mwanangu. Niliitaja. Mungu anisamehe, niliitaja ikiwa changa."

Mlango ulikuwa wazi pale. Careen aliuona. Angesema ndiyo, imetoka, na angefunikwa kanga na kupewa uji na kuliliwa, na maisha yake yote angebaki mwanamke aliyewahi kushika mimba. Aliutamani uongo ule, tena sana. Lakini angemwachia yule mama mzigo wa kuamini ameua kwa mdomo wake, na watoto wawili aliowazika walikuwa wanamtosha.

"Haikutoka, Mama. Haikuwapo. Nilikuwa naanika kwenye karakana. Kila mwezi. Nilikuwa nakuonea huruma unavyotazama kamba."

Kuku alijinasua mikononi mwa Careen akaenda zake uani, hakuna aliyemjali.

"Haikuwapo," Mama Zebedayo alirudia.

"Nisamehe."

"Mei hadi leo."

"Nisamehe, Mama. Nilitaka kukwambia siku ya msaragambo. Nilitaka kila siku." Kisha, kwa kuwa lile neno niliitaja lilikuwa limemkwama, akauliza: "Ulimtajia nani?"

Yule mama alianza kuzungumza akitazama miguu yake.

"Mwezi wa sita alikuja binti hapa, na bodaboda, kutoka Kihurio. Anaitwa Yasmini. Wewe ulikuwa kazini. Alinisalimia vizuri, shikamoo, akakaa hapo ulipo. Tumbo lake lilikuwa linaonekana. Akasema ni la Zebedayo, na Zebedayo hakatai ila anaogopa kuja kuniambia. Akasema kaka zake wamemfukuza. Hakutaka kuolewa, wala hakutaka fedha. Alitaka nikubali tu kwamba mtoto ni wa kwetu, azalie hapa."

Careen alitafuta nguzo ya baraza akaishika.

"Mimi nilikuwa nimeiona kamba," Mama Zebedayo aliendelea. "Nikafikiri, mwanangu Careen kaipata baada ya miaka yote hii, leo nimwekee ndani tumbo la mwanamke mwingine? Atashtuka, ataitoa. Nikamwambia yule binti, mke wa mwanangu ana mimba. Nikamwambia hapa hapana nafasi, na asirudi. Nikampigia Zebedayo, nikamwambia akimfuata tena asiniite mama. Yule binti alikuwa ameniletea mchele. Kilo mbili hivi, kwenye mfuko. Nikamrudishia."

Hakumlaumu Careen, si siku ile wala siku nyingine, na hiyo ndiyo adhabu aliyoiacha. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akalala na gauni lake la kanisani saa nane ya mchana.

Careen alibaki barazani. Alitaka kumchukia yule Yasmini na hakumpata wa kumchukia, alipata tu msichana mwenye mfuko wa mchele mkononi akishuka mlima. Alitaka kumchukia Zebedayo, na hilo aliliweza kwa muda mrefu. Na katika kuhesabu alifika palipobaki: kwamba kasoro ya miaka tisa haikuwa ya mumewe.

Walimtafuta. Zebedayo alikwenda mwenyewe kwa kaka zake Yasmini, akafukuzwa kwa maneno ambayo hakuyarudia nyumbani. Simu ya Yasmini haikupatikana tena. Mtu mmoja alisema amepelekwa kwa shangazi yake upande wa Korogwe, mwingine akasema ameolewa na mtu wa Tanga aliyekubali kulichukua tumbo na kulipa jina lake. Kama alijifungua salama, kama ni wa kike au wa kiume, Suji hawajui. Zebedayo siku hizi anakaa Kihurio miezi miwili mitatu bila kupanda. Anatuma mchele.

Careen bado anashona. Mwaka huu kikundi kimefika wanawake arobaini, na anapofundisha anasema mambo yaleyale matatu, maji, sabuni, jua, kwa sauti ileile. Wanawake walimwonea haya kwa muda kwa ajili ya kuku, kisha wakasahau, au wakajifanya. Mamamkwe wake anaishi naye. Wanakula sahani moja. Kusuka nywele hakupo tena, macho yamekwisha kabisa, ndivyo wanavyosema.

Mara moja kwa mwezi wanashuka Ndungu, chini tambarare, kununua flaneli na vifungo. Hivyo ndivyo wanavyoita safari hiyo, ingawa vifungo vinapatikana mlimani. Wanakaa kwenye benchi la mama lishe, karibu na wanaposhukia watu wa upande wa Korogwe, wanakunywa chai. Mtoto wa Yasmini, akiwa hai, atakuwa anakaribia miaka mitatu. Zebedayo ana masikio yaliyosimama kidogo, ya baba yake, na Mama Zebedayo anaamini damu ile haipotei masikioni. Akina mama wanapita na watoto mgongoni, na watoto wa kushikwa mkono.

"Yule je?" anauliza yule mama, ambaye sasa haoni zaidi ya meza.

Careen anamtazama mtoto vizuri, anatazama masikio, anamtazama na aliyembeba.

"Siye, Mama," anasema.

"Tazama tena."

Na Careen anatazama tena.